Je, Gobore la Baba Limejaa?

Baba alirudi kutoka hospitali akiwa amebakiwa na neno moja, nalo ni "ndiyo". Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikuwa vimepooza, mdomo umevutwa kando kidogo, na kila alichoulizwa alijibu ndiyo. Unasikia njaa? Ndiyo. Umeshiba? Ndiyo. Daktari alitueleza kwamba maneno yake hayajafutika, yamepotea njia tu, na mengine yanaweza kurudi tukiwa na subira.

Mimi sina subira. Kazi yangu ni kuchapa barua za watu katika duka la stationeri pale Kanyenye, mjini Tabora, na barua ikiwa na nukta iliyokaa vibaya naichapa upya hata kama mteja ameridhika, ameikunja na anataka kuondoka. Niliacha shule kidato cha pili. Kompyuta nilijifunza kwa kuchungulia juu ya bega la mwenye duka, na mengine yote nimeyasoma mwenyewe kwenye simu. Mtu aliyejifunza peke yake ana ugonjwa wake: hajui ni kitu gani ambacho hakijui, kwa hiyo anaogopa kila kitu. Nikifunga mlango narudi kuutikisa. Nikituma ujumbe nausoma tena baada ya kuutuma, kama vile bado naweza kuurekebisha.

Niliomba ruhusa kazini, nikapanda basi kwenda nyumbani Puge. Niliamini kwamba nikisoma vya kutosha, nikapanga vizuri, baba atasema.

Siku ya pili mama alikuwa anafagia chumba chao. Aliinama, akachungulia nyuma ya kitanda, akasimama na ufagio mkononi.

"Lile lidude lake lipo hapa," alisema. "Na hawa watoto wanaruka juu ya kitanda kutwa nzima."

Watoto ni wa kaka yangu. Mama yao aliondoka, na kaka anachimba dhahabu kwenye machimbo madogo upande wa Nzega, kwa hiyo wanalelewa na bibi yao. Na lidude lilikuwa gobore la baba, limeegemea kona, limefungwa kitenge kama mtoto anayepelekwa kliniki.

Huku kwetu bunduki zilifika na misafara ya zamani, ile iliyopita kwenda ziwani kutafuta pembe, na magobore mengine yamebaki kwenye nyumba za wakulima mpaka leo. La baba lilikuwa la baba yake. Kitako chake kilioza miaka mingi kabla sijazaliwa, fundi akachonga kingine cha mninga. Baba alikuwa na kibali chake, na alilitumia kwa kazi moja tu, kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori.

Alikuwa na utaratibu ambao jirani zetu wote waliujua. Mahindi yakianza kubeba, alipanda kwenye dungu lake katikati ya shamba akiwa ameshalishindilia gobore. Nguruwe wakija, anapiga. Akishapiga, anashindilia tena hapo hapo, kwa sababu nguruwe hawatoi taarifa. Katika msimu wote gobore halikukaa tupu. Na kulitoa mzigo wake wa baruti na risasi bila kulipiga ni kazi kubwa kuliko kuliweka, kwa hiyo alingoja mpaka hindi la mwisho liingie nyumbani. Hapo alisimama pembeni mwa shamba, akalenga kile kichuguu kikubwa, akapiga mara ya mwisho. Wanawake wa jirani wakisikia mlio ule walikuja na vikapu kuokoteza masazo. Kabla ya mlio, hakuna aliyekanyaga. Ilikuwa adabu, na pia ilikuwa woga wa kawaida wa mtu mwenye akili.

Mwaka huo baba alianguka mahindi yakiwa bado shambani. Kaka na jirani waliyavuna sisi tukiwa hospitali. Mabua yalikuwa yamesimama, masazo yako chini, na wanawake walipita njiani wakamsalimu mama, "Mwangaluka," wakatupia jicho shambani, wakaendelea na safari zao. Walikuwa wanangoja.

"Mama, limejaa au liko tupu?" nilimuuliza.

"Nitajuaje mimi? Siku ile nilisikia mlio alfajiri. Akarudi, akaliweka hapo, akaomba maji, akaanguka kabla sijamletea."

"Kwa hiyo alilipiga."

"Alilipiga. Kama alilirudishia, hilo liulize lenyewe."

Nilimuuliza baba. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni, blanketi magotini.

"Baba, gobore limejaa?"

"Ndiyo."

"Liko tupu?"

"Ndiyo," akasema, na machozi yakamjaa, kwa sababu alijisikia akijipinga mwenyewe.

Usiku ule nilisoma. Nilijiambia kwamba swali langu ni baya, ni swali la mtu asiyejua vitu kwa majina yake, na nikiyajua majina baba atakuwa na pa kushika. Nilisoma kwamba mtutu ni lile bomba refu ambamo risasi inapita, na kitako ni ile sehemu ya mbao inayoegemezwa begani. Kifyatulio ndicho kinachovutwa na kidole. Shabaha ni kale kanundu ka mbele ambako jicho linakalinganisha na kitu kinacholengwa. Nilisoma kwamba watu wengi huita risasi kitu kizima, kumbe risasi ni ile ncha inayokwenda tu, na ganda hubaki nyuma. Nilisoma kuhusu magazini, kwamba ndiyo nyumba ya risasi, na kuhusu kukoki. Na nilisoma sheria moja niliyoipenda sana, kwa kuwa iliandikwa kama kwa ajili yangu: kila bunduki ihesabiwe imejaa mpaka ithibitike vinginevyo. Mimi ninaishi hivyo hivyo na kila kitu duniani.

Asubuhi niliwatoa watoto nje, nikalileta gobore kwa mikono miwili, nikalilaza kwenye mkeka mbele ya baba, mdomo wa mtutu ukielekea ukutani ambako nyuma yake hakuna njia wala mtu. Nilianza kama mwalimu.

"Huu ni mtutu."

"Ndiyo."

"Hiki ni kitako."

"Ndiyo."

"Na magazini, baba, iko wapi?"

Alinitazama. Akalitazama gobore. Bega lake la kushoto likaanza kutikisika, nikadhani ni degedege, nikainuka kumwita mama. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka mate yakamtoka upande ule uliolegea, akalipiga goti lake kwa mkono mzima, na mama akaja mbio kutoka jikoni, akamwona, akaanza kucheka naye bila kujua kichekesho. Halafu kicheko kikageuka kilio. Daktari alikuwa ametuonya, kwamba vitu hivyo viwili vitakuwa vinaingiliana. Mama alimfuta uso kwa pembe ya khanga yake.

"Umemwambia nini?"

"Nimemuuliza magazini."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni kitu ambacho gobore halina," nilisema. Nilikuwa nimeshaelewa. Gobore halina nyumba ya risasi wala halina ganda. Baruti inamiminwa kutoka mdomoni, inashindiliwa na kitambaa, halafu marisawa, zile punje ndogo za risasi, halafu kitambaa tena. Nyuma, pale nyundo inapoangukia, inavikwa fataki, kikofia kidogo cha shaba kinachotoa cheche. Nilikuwa nimesoma kuhusu bunduki za watu wengine.

Kaka alifika mchana huo kwa pikipiki, suruali imejaa vumbi la machimbo. Alimwamkia baba shikamoo, akajibiwa ndiyo, akageuka kando haraka ili asionekane uso. Nilipomweleza habari ya gobore aliinama, akaangalia pale chini ya nyundo.

"Hamna fataki hapa. Bila fataki hili ni gogo la kupikia."

"Fataki anaivua kila siku akiingia ndani, wewe mwenyewe unajua. Mzigo unaweza kuwemo."

"Basi lete fataki nilimalize hapo nje, tulale."

"Kaka, kibali ni cha baba peke yake. Na mtutu una kutu. Unaweza kupasuka usoni."

"Mdogo wangu, mimi kule machimboni nalala na baruti kama mke wangu wa pili. Wewe unanifundisha baruti kutoka kwenye simu?"

"Wa kwanza ameshakukimbia," mama alisema akichagua michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye ungo. "Huyo wa pili atakulipua."

Kaka alicheka, lakini aliuondoa mkono.

Ndipo baba alipoinama. Aliunyoosha mkono wa kushoto, akaanza kuchomoa mdeki, ile fimbo nyembamba ya chuma inayokaa chini ya mtutu, ambayo ndiyo ya kushindilia. Ilimchukua muda mrefu. Nilitaka kumsaidia, akanipiga kofi dogo mkononi. Kaka alishika kitako ili gobore lisihame. Mimi niliuzuia uso wa baba kwa kiganja usiwe mbele ya mdomo wa bunduki, na hilo alilikubali.

Aliuingiza mdeki ndani ya mtutu, polepole, mpaka ukagota. Ulitoa sauti nzito, kama kugonga kitu kilichovikwa nguo. Akaubana kwa vidole pale ulipokutana na mdomo wa mtutu, akauvuta nje bila kuachia vidole, akaulaza juu ya mtutu kwa nje, vidole vyake vikiwa pale pale mdomoni. Ncha ya pili haikufika nyuma. Kati ya pale ilipoishia na pale nyundo inapoangukia ilibaki nafasi. Baba alifunika nafasi ile kwa kiganja chake. Kilienea.

"Ndiyo," alisema.

Lilikuwa jibu: limejaa. Mama aliweka ungo chini.

"Inaweza kuwa tope la nyigu," kaka alisema. "Nyigu wanajenga humo."

Baba alimtazama kwa jicho lile alilokuwa akimtazama nalo zamani kaka akirudi malishoni bila ng'ombe mmoja. Kaka akainamisha macho, mtu mzima, baba wa watoto.

Halafu baba akaunyoosha mkono nje ya mlango. Hakuna aliyehitaji kuuliza. Ulielekea shambani, kwenye kichuguu, juu ya mabua yaliyosimama. Akaurudisha, akagonga kifua chake. Akaunyoosha tena.

Nilimpigia simu mtendaji wa kijiji. Nilikuwa nimepanga sentensi zangu, na bado nilikosea, nikasema "bunduki inaumwa" badala ya "mwenye bunduki". Alinielewa. Alisema wakati huo watu walikuwa wanahimizwa kukabidhi silaha ambazo hawawezi tena kuzimiliki, na kwamba tusiibebe, tusiifyatue, atamtuma polisi kata.

Polisi kata alikuja kesho yake asubuhi, mtu wa makamo, mpole, aliyeanza kwa kumwamkia baba na kungoja jibu lake bila kuonyesha kushangaa. Alipima mwenyewe kwa mdeki. Alipitisha ukucha kwenye kutu. Akatuambia gobore litaondoka naye, hilo halina mjadala, lakini haliwezi kupanda pikipiki likiwa na mzigo. Njia ya kawaida ni kulijaza maji ili baruti ife.

"Afande," kaka alisema, "mzee anataka kulipiga. Ndiyo desturi yake, akimaliza kuvuna."

"Hawezi kulishika."

"Asilishike. Tulifunge kwenye ule mti pale, lielekee kichuguu. Tufunge kamba ndefu kwenye kifyatulio. Sisi wote tukae nyuma ya nyumba. Mzee avute kamba kwa mkono huu mzima. Mara moja tu, afande."

Baba alikuwa anasikia. Alikuwa amekaa wima kuliko siku zote tangu arudi.

Polisi alikitazama kichuguu kwa muda. Akautazama uwanja, njia ya watu inayopita pembeni, watoto waliojificha nyuma ya ghala na kuchungulia. "Inawezekana," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemea. "Haipendezi, lakini inawezekana. Mama, wewe ndiye mwenye nyumba. Unasemaje?"

Mama alimtazama baba, akanitazama mimi. "Muulize huyu. Huyu ndiye anayesoma."

Nitasema jinsi ilivyokuwa kichwani mwangu, kwa sababu watu hudhani mtu kama mimi anafikiri. Sikufikiri. Niliona. Niliona kamba ikikatika na mmoja wetu akitoka kwenda kuangalia. Niliona mtutu ukifunguka kama ganda la ndizi na kipande cha chuma kikiruka juu ya paa na kumtafuta mtoto mmoja nyuma ya ghala. Niliona mwanamke anayepita njiani na kikapu, ambaye angesikia mlio wa fataki na kukimbilia shambani kwa furaha, na baruti ya ndani ikichelewa kulipuka, kama nilivyosoma kwamba inaweza kuchelewa. Yote yalikuja kwa pamoja, wazi kabisa, na kwenye kila picha aliyesema "sawa" alikuwa mimi.

"Maji," nilisema.

Kaka alitema mate chini, akaondoka kwenda kusimama kwenye pikipiki yake.

Polisi alilisimamisha gobore wima, mdomo juu. Mama alileta maji ya moto kwenye birika, lile la chai. Nilimimina mimi. Nilitaka mkono wangu ndio ufanye, nisije nikamwachia mtu mwingine halafu nikasema ni yeye. Mwanzoni maji yalisimama mdomoni, hayaingii, kisha yakashuka kidogo, yakatoa mapovu. Tulingoja. Nikaongeza. Baada ya muda tone jeusi likatokea kwenye kitundu cha nyuma ambako fataki huvikwa, likateremka juu ya kitako cha mninga, likafuatwa na jingine. Palinuka kama kiberiti kilicholowa.

Baba aliyafuata yale matone kwa macho mpaka yakafika chini. Polisi aliposema, "Mzee, nashukuru, umeitunza vizuri silaha yako," hakujibu hata ile ndiyo.

Nilimpelekea uji jioni. Alifunga mdomo. Nilijaribu kijiko mara kadhaa, kikagonga meno. Mama alipokichukua kijiko kutoka mkononi mwangu, baba akafungua mdomo akanywa. Ikawa hivyo siku zote zilizobaki za ruhusa yangu. Alinitazama, hakuwa na hasira, ila nilichomletea mimi hakikumpita kooni.

Wanawake hawakuja shambani. Mama alingoja, kisha akatoka mwenyewe mpaka njiani akawaita.

"Ingieni jamani, mnangoja nini?"

"Mbona hatujasikia?" mmoja aliuliza.

"Mmenisikia mimi."

Waliingia, lakini waliingia kwa mashaka, wakiokota karibu na njia, wakigeuka mara kwa mara kuangalia nyumba. Baba alikuwa mlangoni. Mmoja alimpungia mkono. Kisha wakaondoka mapema, na masazo mengi yalibaki huko katikati yakaliwa na ndege.

Watu huniambia nilifanya sawa. Mwenye duka wangu aliniambia, mtendaji aliniambia, hata kaka, baada ya miezi, alinitumia ujumbe kwamba kule machimboni baruti ya zamani imemwondolea mwenzake vidole, akamalizia kwa kuniita profesa. Najua nilifanya sawa. Ikiletwa ile kamba leo, nitasema tena maji. Hicho ndicho ninachobeba, kwamba sina hata cha kujutia. Kosa ningelisahihisha, maana hiyo ndiyo kazi niliyoizoea. Lakini baba yangu alikuwa amebakiwa na jambo moja analoweza kulimaliza kwa mkono wa kushoto, nami nilikuwa sahihi, na yeye hakulimaliza.

Maneno yake machache yamerudi. Anasema "chai". Anasema jina la mama, ambalo hakuwahi kulitaja mbele yetu, na mama huona aibu. Langu bado.

Mwaka huu mahindi yamebeba vizuri na nguruwe wamekuja kama kawaida. Jioni moja mama alinipigia simu dukani nikiwa naondoa karatasi iliyokwama kwenye mashine.

"Sikiliza," alisema, akaisogeza simu.

Nilisikia debe likipigwa. Lilikuwa linapigwa ovyo, mara mbili haraka, kimya, mara moja, kimya kirefu.

"Ni watoto?"

"Ni baba yako. Amekaa hapa mlangoni na debe miguuni, anapiga kwa rungu. Hana mpigo hata kidogo. Nafikiri nguruwe wanakuja kumcheka."

"Wanakimbia lakini?"

"Wengine. Subiri nikupe."

Kulikuwa na mkwaruzo, kisha pumzi yake, nzito, ya mtu aliyetoka kufanya kazi. Nilimwambia shikamoo. Nilingoja. Nilitamani kumuuliza kitu, nikatafuta swali lisilo na ndiyo ndani yake, sikulipata. Yeye naye hakuikata simu. Tulikaa hivyo, mteja akiwa mbele yangu na barua yake, mpaka mama akasema kwa mbali, "Haya mzee, wamerudi hao," na debe likaanza tena.